Besi Iliyomwinua Bibi Yako

Mjukuu wangu Athumani,

Salamu zako zimetufikia hapa Bofu. Tu wazima, alhamdulillahi, ila magoti yanamsumbua bibi yako.

Waniuliza ununue gitaa gani la besi huko Nairobi. Mimi ujanani nililipenda moja jekundu, jipya, lenye sauti kali kama ya wapigaji wa redioni. Nikalinunua, nikaenda nalo harusini Kisauni, bendi yetu ilipoalikwa. Wanawake walikuwa wamejifunga leso wacheze chakacha, lakini nilipoanza kupiga, mmoja mmoja wakarudi mikekani. Wallahi niliona haya! Nikachukua besi kuukuu ya bendi, imechubuka rangi, nyuzi zimechakaa. Sauti yake nzito ikatambaa chini ya ngoma, na vidole vyangu vikatulia. Msichana mmoja akakaza leso kiunoni, akasimama. Ndiye bibi yako.

Basi ukifika dukani, piga chakacha kidogo, polepole, usiharakishwe na muuzaji.

Juzi nililishusha ukutani gitaa lile kuukuu, ambalo bendi iliniachia. Bibi yako akalalamika kwamba nampigia kelele na magoti yanamuuma. Kisha nikamwona anaitafuta leso yake.

Akuombeaye kila swala,
Babu yako