Sura ya Figo

Noonkopir, Kitengela

Kaka Kitheka,

Habari za Entarara? Natumaini nyanya zimeshika. Huku mtihani wa biolojia ni wiki ijayo. Seli na moyo nimemaliza, lakini sura ya figo inanishinda. Jana rafiki yangu Munyiva aliniuliza, "Figo hufanya kazi gani?" Jibu nilikuwa nalo, lakini nikalia, kwa sababu nilimwona Baba akisafishwa damu kwa mashine.

Nilitaka kumpa figo yangu. Daktari akakataa, eti niko na miaka kumi na saba. Umebaki wewe, na simu hushiki. Baba anasema, "Mwache kijana alime."

Nimechoka kumdanganya kwamba huko hakuna netiweki. Kama unaogopa, mpigie umwambie mwenyewe.

Dada yako,
Nzisa