Kiangazi cha Mwisho cha Gardien Kabeya

Jumapili, 7 Juni 1992

Asubuhi. Mayai ya kuuza yako motoni tangu alfajiri. Mbabula, jiko letu la makala, inatoa moshi tu, makala ya siku hizi ni vumbi. Umeme umekatika tena. Maji ya Koni yanazungusha mitambo ya umeme kule, na sisi huku tunapuliza moto kwa mdomo.

Stade ya Panda, mtaa wetu, mchana. Baridi ya kiangazi inaingia mpaka mifupani. Nyundo, timu yangu, wameshinda moja kwa bila. Sifa zote ni za Kabeya, gardien wetu, mlinda goli. Alidaka penati kwa mkono mmoja. Nilitua beseni langu la kalanga na mayai nikapiga kelele kama mwendawazimu. Niliponyanyuka kushangilia, mtu akaniibia mayai mawili. Nilisema si kitu. Sasa niko nyumbani na nina hasira. Ni kitu.

Marehemu baba alinileta hapa nikiwa mtoto. Wakati ule kampuni ya migodi ililipa, nyasi zilikatwa, fanfare ilipiga tarumbeta. Leo uwanja una upara na wachezaji wanakimbia na njaa. Zamani nilikaa nikatazama. Sasa ninapita kati ya magoti ya watu na beseni kichwani, na mechi naiona kwa vipande.

Kabeya alinifuata baada ya mechi, matope magotini. Ni jirani yetu, tunatenganishwa na ua wa miti tu.

"Mama Yvonne, unipatie ile yai mukubwa."

Nilimpa. Nikakataa malipo. Halafu nikajuta, kwa sababu chumvi nayo imekwisha.

Jumatano, 17 Juni

Baba Yvonne, mume wangu, hakulipwa. Anakwenda atelie, karakana ya kampuni, anakaa, anarudi. Akirudi anasikiliza redio na wanaume wa avenue yetu. Zamani walibishana juu ya mpira. Sasa wanabishana nani mwenyeji na nani mgeni, na mgeni maana yake mtu wa Kasai. Kabeya, anayefanya kazi nao atelie ile ile, alikuwa akikaa nao. Sasa anabaki ndani.

Babu yake Kabeya aliletwa kutoka Kasai kujenga njia ya reli. Baba yake alizaliwa hapa. Yeye mwenyewe alizaliwa katika hospitali niliyozaliwa mimi. Anaota kwa Kiswahili, mke wake ndiye aliyeniambia. Mgeni!

Jumapili, 5 Julai

Sare. Nyuma ya goli letu kuna kundi jipya la vijana. Nilifikiri wamekuja kututia nguvu. Wimbo wao si wa mpira. Wanaimba "bilulu, murudi kwenu." Bilulu ni wadudu. Wanamwimbia gardien wao wenyewe, mgongoni mwake, wakati mpira uko mbali.

Wengine walicheka. Wanawake pia. Nilicheka? Hapana. Lakini niliwauzia kalanga.

Jumapili, 19 Julai

Wamemrushia Kabeya chupa. Ilimpata begani. Ilikuwa chupa ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi ninachouza, ina kitambaa chekundu shingoni, na kitambaa hicho nilikifunga mimi. Yule aliyeirusha nilimuuzia mimi mwenyewe, nikamwambia asante.

Kabeya aliokota chupa, akaiweka pembeni ya mlingoti wa goli isije ikamkata mtu. Akaendelea kucheza.

Jumatatu, 20 Julai

Kamite ya timu imemwondoa Kabeya. Prezidenti wa kamite, yule mzito wa kuvaa koti hata jua likiwaka, amesema ni "kwa usalama wake". Aliyeirusha chupa hakuondolewa popote.

Jumapili, 9 Agosti

Gardien mpya ni mpwa wa prezidenti. Tumefungwa tatu. Bao la pili lilipita kati ya miguu yake kama kuku anayetoroka.

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo: timu yangu imefungwa na nilifurahi. Nyundo walinipa furaha tangu utoto na sasa wamenipa na hii.

Alhamisi, 20 Agosti

Leo asubuhi prezidenti alikuja kwa Kabeya na koti lake. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia kila neno. Jumapili ni fainali ya kombe la mji, na sisi tutacheza na timu ya mtaa wa Shituru.

"Kabeya, muji muzima iko nakungojea," alisema prezidenti.

"Juzi nilikuwa kilulu. Leo niko gardien?"

"Ile ni mambo ya batoto ba mu barabara. Siye bakubwa hatuko mule."

Mama Ngalula, mke wa Kabeya, alitoka na mtoto wao mdogo mgongoni. Akasema, "Asiende. Baite ule mupwa yake." Prezidenti alimtazama kama anatazama ukuta.

Baadaye nilimkuta Kabeya bombani. Atacheza. Nilimwuliza kwa nini.

"Mama Yvonne, tangu niko kijana, siku ya Mungu minye niko mu goli. Wakiniita, miguu inaenda yenyewe."

Nilitaka kumwambia ni mjinga. Nilichota maji.

Jumapili, 23 Agosti

Tumechukua kombe!

Watu walijaa mpaka juu ya ukuta na katika miti. Sare mpaka mwisho, halafu penati. Sikuuza kitu tena, nilipanda juu ya beseni langu nililoligeuza. Kabeya alisimama pale mrefu, mikono imelegea, kama anangoja basi. Wa kwanza wao akapiga: Kabeya akadaka. Wengine wakafunga. Wetu wakafunga. Akaja wa mwisho wao, mwenye mguu mzito. Kabeya aliruka upande wa kushoto na mpira ukamgonga kifuani ukarudi uwanjani. Nililia. Mwanamume nisiyemjua alinikumbatia na jasho lake.

Walimbeba mabegani. Kundi la nyuma ya goli ndilo lilitangulia. Yule wa chupa alishika mguu wa kulia wa Kabeya, akaupapasa kama mguu wa mtakatifu. Waliimba jina lake mpaka avenue yetu. Mama Ngalula alisimama mlangoni, hakucheka.

Nimerudi bila sauti. Baba Yvonne naye aliimba. Labda yamekwisha.

Jumanne, 1 Septemba

Hayakwisha.

Vijana walikuja kwa Kabeya jua likiwa juu. Mawe kwanza, kwenye bati. Halafu mlango. Yule wa chupa, aliyeshika mguu wa kulia, alikuwemo, na safari hii alibeba cherehani ya Mama Ngalula kichwani. Mwingine alitoka na glavu za Kabeya, amezivaa, anapiga makofi.

Baba Yvonne alifunga mlango wetu. Nilisimama nyuma ya pazia. Nilitaka kutoka. Sikutoka. Aliniambia, "Watasema siye pia tuko bilulu." Labda. Hakuna aliyesema hata hivyo, hawakutugeukia hata mara moja.

Kabeya alipita na godoro, mke wake na sufuria, watoto na kila mmoja kifurushi chake. Wanakwenda gare, stesheni, pamoja na watu wote wa Kasai wa Panda, kungoja treni ya kwenda Kasai. Alipopita dirisha letu hakutazama upande huu. Ningependa atazame. Nashukuru hakutazama.

Alhamisi, 10 Septemba

Baba Yvonne amepewa nafasi ya Kabeya atelie. Na nyumba yake, kwa kuwa ni ya kampuni. Alinieleza akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Nyumba iko wazi. Tusipoingia siye, ataingia mwingine."

"Basi aingie mwingine."

"Yvonne na wadogo zake balale bane mu chumba kimoja mpaka lini?"

Nilivunja sahani.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimekwenda gare. Baba Yvonne alinikataza, nikajitwika beseni, nikatoka.

Njiani vijana wameweka pipa katikati ya barabara. "Mama, unaenda kulisha bilulu?"

"Minaenda kuujisha mayai." Wakanipisha. Biashara wanaielewa.

Sijawahi kuona watu wengi hivyo, hata siku ya fainali. Wamelala chini ya mabati, chini ya mashuka, juu ya reli zenyewe. Moshi, harufu, kukohoa. Na wananiita, "Mayai! Mama wa mayai!" kama vile pale stade. Nilikwenda kutafuta jirani zangu na kabla sijawaona beseni lilikuwa jepesi. Niliuza. Mikono yangu imezoea.

Yaliyobaki nilimpa Mama Ngalula. Aliyapokea bila asante, na alikuwa na haki. Mtoto mdogo alikuwa amelala mapajani mwake, macho mekundu, vipele usoni.

Kabeya ameota ndevu. Aliniuliza, "Mechi ya Jumapili ilikuwa namna gani?"

"Banatupiga mabao ine."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akauliza, "Nani iko mu nyumba yetu?"

Nilisema, "Bado mutu." Ilikuwa kweli leo asubuhi.

Jumatano, 16 Septemba

Baba Yvonne amehamia nyumba ya Kabeya na wadogo zake Yvonne. Mimi nimebaki huku na Yvonne. Saa ya chakula wanavuka ua, wanakula bukari, ugali wangu, wanarudi. Hatugombani.

Jumapili, 20 Septemba

Mtoto mdogo wa Kabeya amefariki. Surua. Amezikwa karibu na reli.

Mama mmoja wa kanisa letu ndiye aliyeniambia. Pasta leo alihubiri juu ya upendo. Nilitoka katikati ya mahubiri. Mtu akadhani ninaumwa tumbo.

Jumanne, 29 Septemba

Treni imeondoka. Mabehewa ya mizigo, watu ndani na watu juu. Nilifika imekwishaanza kutembea. Nilikimbia pembeni yake na mayai kwenye mfuko, nikiita jina lake, na sauti ilikuwa ile ile ninayoitia stade. Wengi waligeuka. Yeye sikumwona. Mama Ngalula nilimwona, juu ya behewa, kitambaa kichwani, mgongo wake mtupu. Nilimrushia mfuko. Mwanamume mmoja aliudaka akampa. Mama Ngalula aliinua mkono. Sijui ulikuwa wa kuaga au wa kujishikilia.

Jumapili, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza. Uwanja ni tope tupu. Watu wachache.

Nilikwenda kwa sababu kalanga zilikuwa zimekaangwa tayari. Nilikaa chini ya paa la upande wa juu, nimegeukia barabara. Mvua ilipiga bati, hewa ikanukia vumbi lililolowa, nikaona ni harufu nzuri. Nyuma yangu watu walipiga kelele ghafula. Bao. Sikugeuka.

Mzee mmoja alikuja kununua, amejifunika gunia kichwani. Akaniuliza ni nani waliofunga.

"Sijue, Baba," nilisema. "Minye naujisha tu."

Alinunua kalanga, akakaa karibu nami, tukatazama mvua.