Jina la Mbwa wa Bibi Nyangeta

Jumatano, Murangi

Aliyeweka "jina la mbwa" kwenye cheti cha chanjo hajawahi kufika huku. Huku watu hawampagi mbwa jina, wanampa maneno ya kumwambia jirani.

Leo mimi, bwana mifugo wa hapa, nilikuwa nachanja mbwa dhidi ya kichaa. Mzee wa kwanza akasema wake anaitwa Wanatusema. Jirani yake, nyuma yake kwenye foleni, akajibu kwa sauti kwamba wa kwake ni Tumewazoea. Mbwa walitulia, wenye mbwa ndio niliowaamulia ugomvi, huku barafu ya chanjo ikiyeyuka kwenye chupa ya chai.

Wa mwisho alikuwa Bibi Nyangeta. Ng'ombe wake alikufa kwa ugonjwa wa ndigana mwaka jana; aliniita nije nimtibu, sikuja, nilikuwa natafuta tairi la baiskeli kwenye maduka matupu ya Musoma.

"Anaitwa nani, mama?"

Akatazama pembeni. "Andika tu Simba, mwanangu."

Mbwa kuona sindano, akachomoka. Bibi akajisahau, akapaza sauti: "Bwana Mifugo Haji! We Bwana Mifugo Haji, rudi!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mbwa akarudi mbio.

Nimemwandikia cheti kwa jina lake kamili, chini nikaweka sahihi yangu.