Usiizime Kompyuta, Tamsin

Tamsin,

Usiizime kompyuta. Ile skrini yenye namba zinazokimbia ni majaribio ya RAM, ile kumbukumbu ya mashine, yaache mpaka yaishe. Mbwa ameshakula, asikudanganye. Samaki wa jana yumo kwenye friji.

~~Na hayo magemu yako usiyaguse mpaka~~ Hapana. Hiyo nimeifuta.

Nimeamka mapema kabla ya zamu yangu kwenye treni ya kubeba miwa, nikazitoa zile kadi mbili za RAM na kuzijaribu moja moja. Zote nzima. Nilipozirudisha pamoja, makosa yakamiminika. Ndipo nikakumbuka: Jumapili niliipandisha kasi ya RAM mimi mwenyewe, ili nimringie mjomba wako Dougal. Tangu siku hiyo mashine inajizimia hovyo, na insha yako ikapotelea humo.

Uliniambia, "Baba, mimi sijagusa kitu." Nikakuita mwongo, tena mbele ya Dougal.

Kasi nimeishusha. Nimechoka, mwanangu, na uchovu wenyewe si wa kazi. Jioni Dougal anakuja kula, nimemwita mimi. Haya yote nitayarudia mbele yake.

Baba yako, aliyegusa