Kiti cha Mugeni

Wilondja mujukuu wangu,

Jambo sana kutoka Baraka. Tuko wazima, mama yako anakusalimia. Ndege ikipita juu ya soko nasema kwa sauti, "Huyo ni wetu!", hata kama si wewe.

Umeniuliza uende kurusha ndege za kampuni gani: ile ya mushahara mukubwa inayokulaza mbali mwezi muzima, ama ile ndogo ya kurudi kwa mutoto wako kila jioni.

Babu yako, kapiteni wa boti, alifuata mushahara mukubwa Kalemie, mama yako akiwa angali muchanga. Huku mimi nilimufundisha mama yako heshima kupita batoto bote ba Baraka: mugeni akiingia, umupe kiti. Siku babu yako alirudi, mutoto akakimbia na kiti. "Karibu mugeni, ukae. Mama anakuja."

Majirani wakacheka: "We, umelea!" Nami nikacheka, nikajivuna. Babu yako akakaa, akamuambia mutoto tu, "Asante, mama." Hakumuambia kwamba yeye ni baba yake.

Kesho yake aliondoka na boti, na ziwa halikumurudisha.

Kile kiti ningali nacho. Wewe, siku ukiingia kwako, mutoto asikuletee kiti.

Ni mimi koko yako, niliyemuzaa mama yako.