Beji Namba Mbili Ilikwenda Majengo

Mabanga Kusini,
Goma, Kivu ya Kaskazini.
Tarehe 2 Februari 2014

Mpendwa mwanangu Mwavita,

Assalam aleikum. Kabla ya yote nakuuliza hali. Umeamkaje huko Ubelgiji, na kifua chako kinaiwezaje baridi ya mwezi huu? Mama yako magoti yanamwacha alale? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua inanyesha kila alasiri, moshi wa mlima uko palepale, umeme unakuja siku ukipenda. Tangu mabomu yalipokoma tunalala tukiwa tumevua viatu, na kwa mtu wa Goma hiyo ni habari kubwa.

Najua unachosubiri ni shingo yangu, basi nisikuchoshe. Daktari wa hapa alinipima juzi. Uvimbe umepungua sana, moyo haukimbii tena, jasho limekauka. Nimeongezeka kilo tano. Tazama na mwandiko wangu: mwaka jana nilikuandikia kama mtu aliyekaa juu ya lori kwenye mashimo ya Kanyabayonga, leo mistari imenyooka. Ni mkono uleule, sikumwomba mtu aniandikie.

Nilipolazwa chini ya ile mashine ya picha kule Kampala nilikuwaza wewe tu. Nilikumbuka mwaka wa wakimbizi, tisini na nne, walipojaa hadi uani kwa shule yako na masomo yakafa. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Uliteleza kwenye mawe ukiwapelekea maji, ukavunjika mkono, wazungu wa hema la matibabu wakakupiga radio. Ile picha ya mifupa yako uliigandisha dirishani na kumwonyesha kila aliyepita, hata wenye shida zao. Sisi tulidhani ni utoto.

Baadaye ukaenda Kisangani kusoma fizikia, na vita vya siku sita vikakulaza chini ya kitanda na madaftari yako. Baba yako, Mungu amrehemu, aliamini umekufa. Ulipotokea ukiwa hai na madaftari kichwani, alilia kisha akakugombeza kwa nini hukubeba chakula. Halafu Ubelgiji, miaka na miaka. Watu waliniuliza mara ngapi: huyu mtoto wa kaka yako anasoma nini kisichoisha? Nilikuwa najibu, anasoma picha za mwili. Zaidi ya hapo na mimi sikujua.

Sasa najua kidogo. Kwenye kioo cha mashine tezi langu lilionekana, upande mmoja hafifu, upande mmoja unawaka kama taa. Daktari akaniambia huo unaowaka ndio unaonikondesha, na kwamba sitachinjwa shingo, nitakunywa dawa ya mionzi itakayouzima polepole. Kwa hiyo nilikunywa. Haina hata ladha. Nilisikitika, kwa safari yote ile nilitegemea kitu kichungu.

Basi nikufikishe kwenye kazi yako. Uliniambia kwamba wenzako wamepima mionzi inayowafikia watu wanaoishi na mgonjwa aliyekunywa dawa hiyo, lakini wamepima nyumba ambazo mgonjwa ana chumba chake, bafu lake na bustani katikati. Nyumba kama yetu hajaipima mtu. Ndiyo maana ukanitumia zile beji tatu za kupimia: namba moja ya Idrissa mwanangu, namba mbili ya mkewe Shida, namba tatu ya kutundika sebuleni. Zote zimo ndani ya kifurushi hiki. Lakini namba mbili ina kisa chake, na lazima ukisome kabla hujaipeleka kwenye mashine zako.

Ile karatasi yako ya masharti, kurasa mbili za Kifaransa, niliisoma kwa taabu na nikaielewa. Sahani yangu, kikombe changu, nisilale na mtu, na kwa siku ishirini na moja nikae mbali na watoto wadogo na wanawake wenye mimba. Nilitii kama askari. Basi la kurudi kupitia Bunagana lilijaa wakimbizi wetu waliokuwa wanarudi kutoka Uganda na sufuria zao, na kila mama mwenye tumbo au mtoto mgongoni aliyekaa karibu nami nilimwachia kiti nikahama. Kufika Rutshuru nilikuwa nimekaa juu ya magunia nyuma kabisa, na abiria wananiombea dua kwa adabu yangu.

Nyumbani nikamkuta Shida peke yake. Idrissa alikuwa Vitshumbi kununua samaki wa chumvi. Na Shida, unakumbuka, alikuwa na tumbo la miezi saba. Hapo ndipo nilipokwama, Mwavita. Mambo ya tumbo la mke wa mwanangu hayawezi kutoka kinywani mwangu. Nimelelewa hivyo, na hata wewe ungeshangaa kunisikia. Nikasema moyoni, nitamngoja Idrissa, yeye atamweleza mkewe. Nikampa Shida beji, nikamwambia ni ya kazi ya Mwavita, aivae. Akaibana kwenye kitenge bila kuuliza.

Jioni akaleta bugali na sombe ya majani ya muhogo. Nikanyanyuka, nikatoa kwenye begi sahani mpya, kikombe kipya na kijiko, vyote nilivyonunua Kampala. Nikamwambia: "Kuanzia leo nitakula kwa sahani yangu peke yangu. Nitaiosha mwenyewe. Usiiguse." Nikapakua, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Nilifanya hivyo siku tatu, nikijiona mgonjwa mwema kuliko wote duniani.

Labda baridi ya huko imekusahaulisha mambo ya kwetu. Hapa Goma mtu anayetenga sahani yake ghafla anasema neno moja tu, hata akiwa kimya. Anasema ndani ya nyumba hii kuna anayenilisha karuho, ile sumu ya polepole. Na anayesemwa ni yule anayepika.

Siku ya nne niliamka hakuna moto jikoni. Ua ulikuwa umefagiwa, ndoo za maji zimejaa, ufunguo ameuacha kwa jirani. Shida alikuwa amekwenda kwa wazazi wake, mtaa wa Majengo, na beji namba mbili kifuani.

Idrissa aliporudi na samaki wake hakunisalimia hata. "Papa, umefukuza bibi yangu ju ya sahani?" Nikamwonyesha karatasi, nikamweleza mionzi, nikamweleza na siku ishirini na moja. Akakimbilia Majengo kuwaeleza wakwe zake. Akarudi peke yake. Kule hadithi ya dawa inayowaka ndani ya mtu waliiona imetungwa njiani. Baba yake Shida alisema binti yake atazalia kwao, na kwamba hawezi kurudi kwenye nyumba ambamo ameitwa mlozi. Idrissa akaacha kula. Nikaona ndoa ya mwanangu inakufa, na mjukuu wangu atazaliwa nyumba nyingine, kwa sababu yangu.

Na mimi nilikuwa najua jambo ambalo Idrissa hakulijua. Nakuandikia na wewe, maana wewe ni mtu wa kupima na nisingependa upime uongo.

Mwaka jana, kuanzia mwezi wa saba, nilikuwa nakula chakula cha watu wawili na bado nakonda. Mikono inatetemeka, usingizi hakuna. Nilimwogopa Shida. Kila sahani aliyoniletea niliigeuza kwanza. Siku moja kwenye maegesho ya malori nikamwambia Achille, dereva mwenzangu wa zamani, kwamba mke wa mwanangu anatia kitu kwenye chakula changu. Nikamwambia na siku ya pili. Kisha ikaja picha ya Kampala, nikaona kwa macho yangu ugonjwa uko shingoni mwangu na haukutoka kwa mtu. Niliona haya, Mwavita. Haya hiyo ilinizuia kumrudia Achille nikayameze maneno yangu. Basi Shida hakukosea hata kidogo alipoielewa sahani yangu. Alikosea mwezi tu, maana wakati huo nilikuwa nimeshaacha kumshuku.

Nilihesabu siku ishirini na moja, zikatimia. Siku ya ishirini na mbili nilioga, nikavaa kanzu, nikaenda Majengo kwa miguu. Baba yake alinipa kiti nje, kwenye mawe, wala hakuniambia karibu ndani. Nikaomba Shida aitwe, na mama yake awepo. Nikamwambia hivi: "Shida, nilikusema vibaya. Nilimwambia Achille unanilisha karuho. Ni uongo. Ugonjwa ulikuwa wangu, na picha ninayo."

Nilitegemea kelele. Shida akanijibu kwa sauti ya kawaida.

"Nilijuaka, Papa. Tangu mwezi wa munane. Bibi ya Achille aliniambiaka pa soko."

Mama yake akashika mdomo. "Na uliendelea kumupikia?"

"Alikuwa anakonda, mama," Shida akasema. "Ningeacha kupika, angekula nini?"

Mwanangu, nimeendesha malori miaka thelathini, nimepita vizuizi vya kila jeshi lililokanyaga Kivu, nimezika wazazi na mke na kaka. Siku hiyo nililia mbele ya wakwe zangu na pua ikitiririka, na sikujali nani ananiona. Miezi minne yule mtoto alikuwa ananipakulia huku anajua ninachomfikiria. Maneno ya sokoni aliyavumilia; sahani iliyotengwa mbele ya macho yake ndiyo iliyomshinda. Alikuwa ananichagulia kipande kikubwa cha samaki.

Akaingia ndani, akatoka na sahani moja ya ndizi. Akaiweka katikati. Mimi na baba yake tukala hadi ikaisha.

Usidhani nilirudi naye siku ile. Alinisubirisha siku nne, na hiyo ilikuwa haki yake. Siku hizo nne nilikwenda kwa Achille pale maegesho, nikamwita na mkewe, nikasema kwa sauti mbele ya madereva wote kwamba nilimsingizia mke wa mwanangu. Wengine walicheka. Waache wacheke.

Sasa habari za furaha. Tarehe 20 Januari Shida amejifungua mtoto wa kike, salama kabisa, kilo tatu na nusu. Idrissa amempa jina la marehemu mke wangu. Wote watatu wako hapa nyumbani, na kelele za usiku zinaniamsha kuliko ugonjwa ulivyoniamsha, lakini silalamiki. Siku ya kwanza nilikaa mlangoni nikiogopa kumshika. Shida akaniwekea mapajani. "Siku zilishaisha, Papa. Nilihesabu miye mwenyewe."

Basi beji namba mbili usiitupe. Ilikaa na mimi siku tatu, kisha ikakaa Majengo hadi siku zangu za mionzi zikaisha. Ukiikuta karibu na sifuri, usiandike kwamba nyumba za Goma ni salama kuliko za Ubelgiji. Andika kwamba mtu aliondoka, na andika kwa nini aliondoka. Wenzako watacheka kama madereva, lakini wewe andika.

Na karatasi yako ya masharti nakuomba uibadilishe. Juu kabisa, kabla ya mambo ya sahani na kikombe, weka kwamba mgonjwa azungumze kwanza na yule anayempikia. Kama ni mkwe asiyeweza kuambiwa, itajwe nani amwambie. Mimi sikujua pa kuanzia. Mwingine wa Masisi au wa Maniema naye hatajua.

Shemeji yangu Alima, mama yako, mpe salamu zangu nyingi, umwambie jina lake linatajwa hapa kila tunapopika pilau vibaya. Idrissa anakusalimu, samaki wako wa chumvi ameshawatenga. Achille anakusalimu naye, kwa sauti ndogo.

Shida anakusalimu kuliko wote, ila ana neno. Anasema yeye alimaliza shule ya sekondari, ana diploma yake ya serikali, na Kifaransa anakisoma kunishinda mimi. Karatasi yako ilikaa mfukoni mwangu siku zile zote, hatua tatu kutoka alipokuwa anapika. Anaomba mambo ya kazi uyatume kwa jina lake.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na mama yako, aifungue mikono yako katika kazi hiyo, na akurudishe kwetu ukiwa na afya ya kula sombe ya Shida kwa sahani moja na mimi.

Ni mimi baba yako mdogo, ninayekupenda na kukuonea fahari,

Kitwana