Mfarishi wa Mama

Kwa mdogo wangu Vijapala, huko Jaisalmer.

Nainama kwanza kwa Bwana Parshva, mwalimu wa imani yetu, kisha nakusalimu wewe, mkeo na watoto. Natumaini mvua imewafikia na nyote mko wazima. Huku Bhinmal hatujambo, visima vimejaa na nyati wetu wa kufugwa wana maziwa. Jana tumemaliza mfungo, na leo ndiyo siku ya kuombana radhi, kila mtu anamwandikia wa kwake aliye mbali. Nami nakuandikia wewe, ingawa nimeanza mara kadhaa nikaacha.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Khima wa ngamia. Unasema fundi amekwisha kumimina altare mpya ya shaba, sanamu ya Bwana katikati na za walimu wenzake wanne zikimzunguka, zote zina macho ya fedha, na imetolewa kwa heri ya roho ya Mama. Mgongoni mwake mchongaji ataandika jina la Mama na maneno aliyokuambia siku ile ya kukimbia majeshi: “Mchukue Bwana, mimi niache.” Unataka nije siku ya kumfumbua Bwana macho, sanamu ianze kuheshimiwa, nikae mbele ya wanawake wote, watu wamwone binti wa mama yule. Hongera, mdogo wangu. Nasikia huko unaitwa mwokozi, na watu wakikusikia unasimulia wanalia.

Sasa nami nikusimulie, nianzie unapopajua mpaka yale ambayo hukuwepo. Mliposikia majeshi yanakuja, mkokoteni ulikuwa mmoja, na Mama mguu ulikuwa umevimba hawezi hata kukanyaga. Ukaishusha altare ya babu kutoka mahali pake, ukaivingirisha kwa mfarishi wa Mama ili isikwaruzike, ukailaza pale ambapo angelala yeye. Ukamwambia unarudi sasa hivi na mkokoteni mwingine. Nilipofika kutoka kwa mume wangu nilimkuta kakaa mlangoni, sikio kaelekeza barabarani. Kila kengele ya ng'ombe ikilia ananiambia, “Hebu nyamaza. Vija huyo!”

Majeshi yenyewe yalipita njia nyingine. Hapa hakufukuzwa hata mbuzi.

Mimi nilikutukana, sikufichi. Mama akanicheka. “Mwache mwenzio. Mgeni aliyemchukua hali chakula, hanywi maji, wala haumwi mguu. Nani hataki kusafiri na mtu wa namna hiyo?” Lakini baridi ilipoingia alikuwa akipapasa kitandani alfajiri, akiuliza mfarishi wake uko wapi.

Vija, tulifundishwa pamoja, wewe na mimi, tukiwa tumekaa kwenye jamvi moja. Bwana haombwi kitu, wala haokolewi na mtu. Amekwisha kutoka katika dunia hii na hakai ndani ya shaba. Tunamwosha na kumpaka msandali kila asubuhi ili sisi wenyewe tukumbuke kuwa wapole kama alivyokuwa yeye. Shaba ikipotea, mafundi wapo. Mama je, ungemwagiza kwa fundi gani?

Kisha, Mama angali hai, wakaja wazee wawili wa jumuiya yenu ya huko, kuuliza kama ni kweli kabla ya kuruhusu maneno hayo yachongwe kwenye altare uliyoahidi. Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo yamefichuka. Mama akavuta ushungi, akakaa wima, akawaambia, “Ndiyo, nilimwambia mwenyewe. Alikuwa analia, nikamfukuza aende zake.” Wazee wakainama mpaka miguuni pake. Mimi nilikimbilia jikoni nikashika jiwe la kusagia, nikalia kwa hasira.

Unamjua mwanamke yule. Alikula kiapo cha kusema kweli kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Alikuwa akisema nyati kazaa juzi, kisha akikumbuka kuwa ni jana, anarudi mpaka kwa jirani kusahihisha. Watu wakimtania, “Bibi Lakhamade, leo umekuja kusahihisha nini?”

Alipoona siku zake zimekwisha, aliomba mfungo wa mwisho, ule wa kuacha chakula mpaka kufa, na guru, mwalimu wetu wa dini, akaja kusikiliza makosa yake yote, ili Mama asiondoke nayo duniani. Akayataja moja moja. Sisimizi aliowasaga pamoja na nafaka. Tonge alilokula saa ya mwiko, jua limekwisha kuzama, alipokuwa na mimba yako. Neno baya alilomwambia mama mkwe wake. Guru akamwuliza kama lipo jingine. Akajibu hakuna.

Guru alipotoka nikamwambia, “Mama, umesahau moja.”

“Sijasahau,” akasema. “Nikilisema hilo, nitakuwa nimemsema mwanangu.” Akageukia ukutani. Akaendelea na mfungo wake mpaka alipokata roho.

Kwa hiyo ulijue jambo hili, ambalo sijamwambia mtu mwingine. Mama alidanganya wazee kwa ajili yako, akamdanganya na guru kwa ajili yako, akaondoka na mzigo ule shingoni. Sasa unataka kuuchonga kwenye shaba, umbebeshe Bwana mgongoni, kisha uuite heri ya roho yake. Kosa lile alikataa kulitaja kwa sababu ni lako. Nenda kwa guru wa huko ukalitaje wewe. Mwambie mchongaji aandike jina lake tu, Lakhamade, basi. Ukikataa, mimi siji, na mahali uliponiwekea mbele ya wanawake wote pabaki wazi, waulizane.

Msalimie mkeo. Wabusu watoto, hawana kosa. Mfarishi, kama bado unao, mpe Khima aniletee.

Na kwa kuwa ni siku yake, niseme kama tunavyosema sote: kama nimekukosea kwa wazo, kwa neno au kwa tendo, nakuomba radhi. Jana jioni nimewasamehe viumbe wote, walio majini, walio ardhini na walio hewani, mpaka askari wale ambao hawakuja. Nilipofika kwenye jina lako, ulimi ulikataa. Ukitoka kwa guru niandikie, nami nitalitamka.

Ni mimi dada yako,
Nayaki